Mwalimu Anajibu: Mizani ya Kibirizi na Tetemeko la Ardhi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nauza dagaa hapa Kibirizi. Kwenye grupu letu la WhatsApp imezunguka sauti ya mtu ambaye hajitaji jina. Anasema ziko satelaiti angani zinapima mvutano wa dunia, na mvutano ukipungua mahali ujue tetemeko kubwa linakuja, na eti huku kwetu ziwani umeshaanza kupungua. Kuna wenzangu wameshapakia mzigo kwenye treni kwenda Tabora, wakakae kwa ndugu mpaka lipite. Hizo satelaiti zipo kweli? Na kama mvutano unapungua, mbona mizani yangu inasoma vilevile?
Mama Dagaa, Kibirizi, Kigoma

JIBU: Marahaba, mama. Usipakie mzigo. Nalisema hilo mwanzo kabisa kwa sababu najua jarida hili likifika Kibirizi mistari ya juu husomwa, ya chini hufungiwa samaki.

Huyo wa sauti kachanganya mchele na chuya, kazi ya kupepeta kaniachia mimi. Satelaiti zipo. Mbili za kwanza zilirushwa tarehe 17 Machi 2002 na Wamarekani wakishirikiana na Wajerumani, mradi ukaitwa GRACE. Zilifuatana kwenye njia moja, kimo cha kilomita 500 hivi mwanzoni, moja mbele na nyingine nyuma, kati yao kilomita 220. Wenyewe walizipa majina ya utani Tom na Jerry, maana zilikimbizana miaka yote bila kukamatana. Ya mbele ikikaribia mahali penye uzito mwingi, tuseme safu ya milima, huvutwa ikaongeza mwendo kidogo na kumwacha mwenzake. Ya nyuma ikifika hapo nayo huvutwa, pengo likarudi. Kilichopimwa ni hilo pengo, kwa usahihi wa mikromita, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Vipimo vya mwezi mzima vilikusanywa, ikachorwa ramani ya mvutano wa dunia yote. Tom na Jerry walistaafu mwaka 2017, na warithi wao, GRACE-FO, wakarushwa Mei 2018.

Na matetemeko wameyaona, hilo nalo ni kweli. Tetemeko la Sumatra la 26 Desemba 2004 lilikuwa na ukubwa wa 9.1. Ndilo lililoleta ile tsunami iliyovuka Bahari ya Hindi na kuua watu mpaka Somalia na hapa kwetu Dar es Salaam. Sakafu ya bahari iliinuka upande mmoja, ikadidimia upande wa pili, na miamba ya chini ikatanuka. Uzito ukahama. Ramani za kabla na za baada zilipowekwa pamoja, mvutano ulikuwa umepanda huku na kushuka kule, kila upande kwa kadiri ya mikrogali 15 (mikrogali ni kipimo kidogo sana cha mvutano). Ikaonekana tena Chile, Februari 2010, na Japani, Machi 2011. Sasa rudia sentensi hizo usikie kilichosemwa: ramani za kabla zililinganishwa na za *baada*. Satelaiti zilieleza kilichokwisha kutokea, kama daktari anayesoma picha ya mfupa uliokwisha kuvunjika.

Hizo mikrogali 15 ni kiasi gani? Tuzipeleke kwenye gunia lako la kilo 50. Lingepungua uzito kwa chini ya miligramu moja. Inzi akitua juu ya gunia kakuharibia kipimo.

Halafu inategemea una mizani gani. Kama ni ile ya sahani mbili na mawe, haitakuonesha kitu hata mvutano upungue nusu, kwa sababu jiwe la kilo na dagaa wa kilo hupungua pamoja, mkono ukabaki sawasawa. (Ndiyo mizani ya haki kwa mteja, mradi mawe hayajachongwa kwa chini. Nimeyaona yaliyochongwa, na mwenyewe akaapa kwa Mungu.) Ile ya saa, ya kuning'iniza, ina springi ndani, na springi hupima mvuto wenyewe. Ukiirekebisha Dar es Salaam kwenye usawa wa bahari kisha ukaileta Kigoma, mita 770 na ushee juu ya bahari, gunia la kilo 50 litasoma pungufu kwa gramu chache. Hakuna mlanguzi atakayejenga ghorofa kwa gramu hizo, lakini zipo. Tofauti hiyo ya Dar na Kigoma ni maelfu ya mara kuliko yote tetemeko la Sumatra liliyofanya.

Wenye kazi ya kupima mvutano hutumia chombo kiitwacho gravimita. Iko inayodondosha kioo ndani ya chupa isiyo na hewa na kukifuata kwa leza kikiwa kinaanguka. Iko nyingine ambayo ndani yake kitufe cha madini ya niobi kinaelea juu ya uga wa sumaku, kimepozwa kwa heliamu ya kimiminika mpaka nyuzi 269 hivi chini ya sifuri, na kikisogea hata chembe, umeme unatoa habari. Chombo kikali namna hiyo shida yake ni moja: kinasikia kila kitu. Ardhi ikiinuka milimita 3 tu, mvutano umeshuka karibu mikrogali 1. Mvua ikilowesha udongo, kinasikia. Tabaka la maji la mita 1 likitandazwa chini yake, mikrogali 42 hizo, karibu mara tatu ya Sumatra.

Na mwezi! Hili wavuvi wenu watalipenda. Mbalamwezi ikikolea hawaingii ziwani, kwa kuwa dagaa hawana haja ya kufuata taa za mtu. Mwezi huohuo, ukisaidiwa na jua, hupandisha na kushusha mvutano hapo ulipoweka meza yako kwa zaidi ya mikrogali 100 ndani ya siku moja. Ulifanya hivyo jana, utafanya na kesho. Kwa hiyo mtu akikuambia "mvutano umepungua", muulize saa ngapi, kwa chombo gani, na kama ametoa mwezi, mvua na ziwa kwenye hesabu yake. Wa kwenye sauti hakutoa hata jina lake.

Naona nimtendee haki kidogo lakini, maana habari hii hakuiokota jalalani. Mwaka 2018 watafiti wa Ufaransa walirudia kuzichambua data za GRACE za Japani, wakasema wameona mvutano ukibadilika upande wa bamba (kipande kikubwa cha ganda la dunia) linalozama chini ya nchi hiyo, miezi kadhaa kabla ya tetemeko la 2011. Wenzao wakapekua data zilezile na kusema mabadiliko ya namna hiyo huonekana pia nyakati na mahali pasipo tetemeko lolote. Mjadala ni wa kweli, wa watu wanaoheshimiana, nami naufuatilia kwa hamu. Ila kuna umbali mrefu kati ya "tumeona kitu tulipotazama nyuma" na "tarehe fulani hameni". Wachina waliwahi kuwatoa watu majumbani mji wa Haicheng kabla ya tetemeko la 4 Februari 1975, sana sana kwa sababu ardhi ilikuwa imeanza kutikisika kwa vijitetemeko mfululizo. Dunia ikashangilia, kumbe siri imejulikana! Mwaka uliofuata, Julai 1976, Tangshan ilianguka usiku watu wamelala, bila onyo. Serikali yao ilihesabu waliokufa zaidi ya 240,000.

Sasa ziwa letu. Tanganyika limekaa kwenye mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, na ardhi pande mbili za ziwa huachana kwa milimita chache kwa mwaka. Inatikisika na itaendelea kutikisika. Mlio na umri mnaikumbuka alasiri ya tarehe 5 Desemba 2005, saa tisa na ushee, vyombo vikigongana kabatini. Lile lilikuwa la ukubwa wa 6.8, likabomoa nyumba Kalemie, ng'ambo ya pili, na likasikika hadi Nairobi. Kwa hapa kwetu ni kubwa. Kwa Tom na Jerry ni kimya kitupu, kwani nguvu iliyotoka Sumatra ilizidi ile kwa mara 2,800 hivi. Satelaiti hizo huanza kuona pale tetemeko linapopita ukubwa wa 8 na kitu. Hata lile la Rukwa la 13 Desemba 1910, linalotajwa kuwa kubwa kuliko yote yaliyopimwa Afrika Mashariki karne iliyopita, lilikuwa la 7.4. Hivyo satelaiti anazozitaja mtu wako, kwa ziwa hili, hazingeweza kuona tetemeko hata baada ya kutokea.

Kama una hofu ya kutumia mahali, itumie kwenye nyumba. Kagera, 10 Septemba 2016, tetemeko la 5.9 tu liliua watu zaidi ya 15, na waliouawa waliangukiwa na kuta. Muulize fundi wako kama lenta ya zege imezunguka nyumba nzima au imeishia juu ya milango na madirisha. Usilaze watoto chini ya ukuta wa tofali mbichi uliopasuka. Na ukiwa Kibirizi ardhi ikitikisika kwa nguvu mpaka ushindwe kusimama, ikitulia tu acha dagaa kwenye chanja, panda juu kuelekea mjini, kwani ziwa nalo huweza kurusha wimbi.

SWALI: Mwalimu, mimi nasoma PCM kidato cha sita. Kama uzito ukihama mvutano hubadilika, na badiliko hilo husafiri kwa kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, na mawimbi ya tetemeko ya kwanza hukimbia kilomita 6 hadi 8 tu, kwa nini tusilitumie kama king'ora?
Mwanafunzi, Kigoma Mjini

JIBU: Kijana, hapo nimevua miwani nikaifuta. Swali lako ndilo lililowakusanya watu wazima maabara za Paris na kwingineko.

Hoja yako ni sahihi. Tetemeko kubwa likianza, miamba inasogea, na habari ya kusogea huko inaenea kila upande papo hapo kupitia mvutano, kabla mtikisiko wenyewe haujafika. Mwaka 2016 kundi la watafiti lilitangaza kuwa gravimita ya Kamioka, Japani, kilomita 500 hivi kutoka kitovu cha tetemeko la 2011, huenda ilinasa dalili hiyo. Ushahidi ulikuwa mwembamba. Mwaka uliofuata, Martin Vallée na wenzake wakaja na ulio mnene zaidi, na hawakutumia gravimita kabisa. Walitumia sismomita, mitambo ya kawaida ya kunasa mitetemo, iliyoko hadi kaskazini-mashariki mwa China. Kituo kimoja huko kiko karibu kilomita 1,300 kutoka kitovu, na mawimbi ya kwanza yalichukua zaidi ya dakika mbili na nusu kukifikia. Ndani ya dakika hizo, mstari uliopaswa kuwa tambarare ulikuwa unateremka polepole. Kiasi chake hakikufika hata mikrogali moja.

Ugumu uko wapi? Hapa nakutaka uchukue kalamu. Mvutano ukibadilika, haubadiliki kwa chombo peke yake. Unaivuta na ardhi ambayo chombo kimekalia. Ardhi inaanza kusogea kuufuata, na chombo kilicho juu yake kinaona kama hakuna kilichotokea, kwa sababu vyote viwili vinaanguka pamoja. Mwanzoni hivi viwili hukaribia kufutana kabisa. Ishara hujitokeza baadaye kidogo, pale miamba inaposhindwa kuendelea kuufuata mvutano kwa uhuru kwa kuwa imeshikana na mingine. Ndiyo maana king'ora chako hakilii sekunde ya kwanza, japo habari ilishafika.

Faida yake ipo, lakini ni tofauti na uliyoitarajia. Siku ile Japani, tetemeko lilijulikana mara moja. Kilichochelewa kujulikana ni ukubwa wake. Idara yao ya hali ya hewa ilitoa onyo la tsunami ndani ya dakika 3, na ilikadiria 7.9. Kwa kadirio hilo watu wa Miyagi waliambiwa wimbi la mita 6, wa Iwate na Fukushima mita 3. Ukubwa wa kweli ulikuwa 9, na mahali pengine maji yalipanda mlimani hadi kimo cha karibu mita 40. Wako waliosikia "mita 3", wakatazama ukuta wa bahari uliopita kimo hicho, wakabaki. Mbinu za haraka za kusoma mawimbi hulemewa na matetemeko makubwa mno. Zote huyaona kama yanalingana. Ishara ya mvutano haina ugonjwa huo, kwa sababu hukua kadiri uzito unaohama unavyokua. Mwaka 2022 Andrea Licciardi na wenzake walichapisha kazi ya kufundisha kompyuta kuisoma ishara hiyo, na walipoijaribu kwa data za 2011 iliweza kufuatilia ukubwa wa tetemeko kadiri lilivyokuwa likikua.

Ila mbinu hiyo inafaa kwa matetemeko yanayozidi ukubwa wa 8.3 hivi tu. Kwa Chile, Japani, Indonesia, hiyo ni dhahabu. Kwa tetemeko la 6.8 lililo kilomita 50 kutoka bandarini Kigoma, ishara ni ndogo kuliko kelele za upepo, na mawimbi ya kwanza yangekufikia kabla sekunde 10 hazijaisha. Ukiamua kusomea fani hii, na nakuombea uamue, jua kazi kubwa utakayofanya ni kupambana na kelele.

SWALI: Watu wa Kigoma wanatukimbilia sisi. Tabora kweli hakuna matetemeko?
Msomaji, Isevya, Tabora

JIBU: Yapo, mnayasikia yakitokea kwa jirani. Tabora imekaa juu ya kipande cha mwamba mkongwe, wenye zaidi ya miaka bilioni 2.5, mgumu kiasi kwamba Bonde la Ufa lilipofika hapo likagawanyika mikono miwili. Mmoja ukapita Tanganyika na Rukwa, wa pili Natron na Manyara, mkaachwa katikati. Mtikisiko wa ziwani ukiwa mkubwa utafika kwenu umechoka, ukatikisa taa.

Kwa kuwa mada ni mvutano, nawapa na hii. Wajerumani walizunguka nchi hii na pendulo za kupimia mvutano mwaka 1899 na 1900, akiwamo Ernst Kohlschütter. Mwingereza Edward Bullard akaja na zake miaka ya 1933 na 1934. Pendulo ikibembea polepole zaidi, mvutano ni mdogo. Bullard alikuta mvutano ni hafifu kwenye mabonde ya ufa, akahitimisha kuwa kuta mbili zinalibana bonde na kulisukuma chini. Vipimo vyake vilikuwa vizuri. Maelezo ndiyo yaligeuka kichwa chini miguu juu, maana leo tunajua kuta zinaachana, na bonde linadidimia katikati na kujaa mashapo mepesi, unene wa kilomita kadhaa chini ya ziwa. Hao ndugu mliowapokea wapeni chai warudi sokoni.

SWALI: Mimi ni mvuvi wa Katonga. Ziwa lilipopanda miaka ya 2020 na 2021 lilichukua banda langu. Je, uzito wa maji yote yale hauwezi kuleta tetemeko? Na hizo satelaiti ziliyaona?
Mvuvi, Katonga, Kigoma

JIBU: Pole kwa banda. Nianze na la mwisho: hapo ndipo satelaiti hizi zinapokula mshahara wake. Ziwa Tanganyika lina kilomita za mraba 32,900 hivi. Likipanda mita 1, ni tani bilioni 33 za maji zilizoongezeka. Uzito wa namna hiyo, pamoja na maji yaliyolowesha ardhi ya nchi zote zinazotuzunguka baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2019, ndio hasa GRACE-FO ilitengenezewa kuuona. Kupungua kwa Ziwa Victoria miaka ya 2003 hadi 2006 pia kulionekana hivyo. Huyo wa WhatsApp akikutana na ramani inayoonesha mvutano wa kwetu umeshuka, uwezekano mkubwa ni kwamba kiangazi kimekuwa kikali na maji yamepungua.

Kuhusu tetemeko, maji yamewahi kufanya hivyo. Bwawa la Kariba, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, lilianza kujazwa mwishoni mwa 1958, na Septemba 1963, lilipokuwa limejaa, pakatokea tetemeko lililozidi ukubwa wa 6. Lakini pale maji yalitandazwa mahali palipokuwa pakavu, kwa miaka mitano. Tanganyika limekuwapo kwa mamilioni ya miaka, lina kina cha mita 1,470 penye kina kirefu, na limepanda na kushuka mara nyingi kabla ya babu wa babu yako. Mita moja au mbili juu ya hizo siziogopi.

Kwa banda jipya, watafute wazee wa Katonga wakuoneshe maji yalikofika safari ile, uanzie juu ya hapo. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na mita hizo huhesabiwa na wapimaji wa halmashauri, si kwa hatua za fundi. Lukuga, mto pekee unaotoa maji ziwani, uko upande wa Kalemie na haubebi mengi kwa mkupuo, kwa hiyo maji yakishapanda huchukua muda mrefu kushuka.